Unga wa Amani na Kiti cha Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Mkuu wa Kitivo ametuita ukumbini na kutangaza kwamba chuo kinaanzisha Kituo cha Utafiti Mseto. Sayansi ya jamii, famakolojia na kemia chini ya paa moja. Kinatafutwa kichwa cha kukiongoza. Kichwa ninacho. Kila mwenye wazo la utafiti linalounganisha fani hizo tatu atalieleza mbele ya jopo Ijumaa ya wiki ijayo.

Mkurugenzi atakuwa na ofisi ya peke yake. Dirisha linalofunguka. Mlango wenye kitasa. Mimi kwa sasa nabanana chumba kimoja na Mkemia, tangu dari la ofisi yake livuje na yeye ahamishiwe kwetu "kwa muda". Muda upi? Chupa zake zimepanda hadi rafu yangu ya vitabu. Nadharia zangu za jamii zinanuka siki. Na mtu mwenyewe hagombi, halalamiki, ananisalimia kila asubuhi. Mnafiki wa daraja la kwanza.

Mkemia ndiye aliyenyoosha mkono mwanzo. Kabla hajafungua mdomo nikasimama, nikasema utafiti wa namna hiyo mimi ninao tayari, tena umefika mbali. Mkuu wa Kitivo, mama asiyecheka ovyo, akataka kujua unahusu nini. Nikajibu kwamba kwa sasa ni siri ya kitaaluma. Ukumbi ukanyamaza kwa heshima. Au kwa kitu kinachofanana na heshima.

Imebaki kazi ndogo tu. Kujua unahusu nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka bila wazo. Nimeoga bila wazo. Nimefundisha kipindi kizima bila wazo, ila hilo si jambo jipya.

Jioni wazo nimelikuta nyumbani, limekaa kwenye kochi langu.

Mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa magoti. Alisema atakaa wiki moja. Hakusema ya mwaka gani. Kwa kawaida nikiingia sebuleni nakuta hukumu imeshatoka: mbona nachelewa, mbona pazia halijafuliwa, udaktari gani huu wa mkwe wake usioweza kutibu hata mafua. Leo nimemwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya asali, akatabasamu. Basi! Nikadhani nimeingia nyumba ya jirani.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Yeye ni mwalimu wa hisabati, hapotezi maneno. Akasema mama ameanza dawa ya unga ya mizizi, ananunua kwa Tabibu wa Kona, yule mwenye kibanda karibu na fundi baiskeli. Anaitia kwenye uji asubuhi na jioni. Akaongeza kwamba yeye haiamini dawa hiyo, maana mama tayari anameza vidonge vya presha.

Sentensi ya mwisho sikuisikia vizuri. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Unga unaoleta amani nyumbani! Sayansi ya jamii: ugomvi umepungua. Famakolojia: dawa ndiyo iliyoupunguza. Kemia: mna kitu ndani ya unga. Fani tatu kwenye kijiko kimoja! Kichwa cha utafiti nimeshakiandika: "Unga wa Amani: Mtazamo Mseto wa Kupungua kwa Migogoro ya Kifamilia kwa Njia ya Mizizi." Kina nukta mbili. Kichwa kisicho na nukta mbili ni cha gazeti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Tabibu wa Kona. Bango lake linadai anatibu magoti, mgongo, husuda, mitihani na wapangaji wasumbufu. Mtu wa fani nyingi. Nikampenda.

Akaniuliza kama nimetumwa na watu wa afya. Nikamwambia hapana, mimi ni daktari. Wa nini? Wa sosholojia. Akasogea nyuma kidogo, akauliza kama inaambukiza.

Nikamuuliza mna nini ndani ya unga. Akasema ni urithi wa babu yake. Mizizi gani? Ya babu. Inachimbwa wapi? Alikochimba babu. Nikaandika yote: "Chanzo cha kuaminika, maarifa ya vizazi." Nikaondoka na kopo zima.

Jioni nikamhoji mama mkwe. Kwanza nilimwomba aweke saini ya kukubali. Akasema yeye haweki saini, jirani yao aliweka saini akapoteza shamba. Nikaandika: "Ridhaa ilipatikana kwa njia ya mazungumzo." Akanieleza kwamba magoti yamelegea, usingizi unamjia mtamu, mpaka mchana. Mdomo unakauka kama ametafuna chaki. Na akisimama ghafla anaona nyumba inazunguka.

"Mkwe wangu," akasema, "hiyo ya kuzunguka uiandike vizuri. Inanitisha."

Nikamwambia asiwe na shaka, mama, naandika kila kitu. Niliandika kweli. Baadaye nikasoma tena nikaona mdomo mkavu na nyumba kuzunguka vinaharibu mtiririko. Amani gani inazunguka? Nikafuta. Katika utafiti tunaita kusafisha data.

Ijumaa, 7 Machi

Nahitaji mtu wa famakolojia. Chuoni yuko mmoja wa maana, tunamwita Bibi Dozi. Hakuna analolipokea bila kuuliza kipimo. Ukimwambia habari za asubuhi atauliza njema kiasi gani.

Nikamweleza nusu, nikimfichia nusu. Akaanza. Huyo mgonjwa ana umri gani? Anatumia dawa nyingine? Kijiko kikubwa au kidogo? Kimejaa au kimesawazishwa? Nikamwambia sayansi huanza na imani. Akasema hiyo ni kitu kingine, ina majengo yake. Kisha akaweka masharti: kwanza kibali cha kamati ya maadili, pili unga upimwe maabara. Bila hivyo hagusi. Akasema pia, huku ananikazia macho, kwamba kama kuna mtu anautumia sasa hivi, aache mpaka ujulikane ni nini.

Nikasema hakuna anayeutumia. Ni mfano tu.

Shida ni kwamba mashine ya kupimia iko mikononi mwa Mkemia. Nimpelekee wazo langu yule? Huko ni kumkabidhi fisi bucha! Kemia nitaifanya mwenyewe. Watu walipika sabuni kabla ya vyuo vikuu.

Jioni nyumbani nikabandika sufuria jikoni, nikatia unga, maji, ndimu, nikangoja. Hakuna kitu. Nikatia magadi. Povu! Likapanda, likamwagika, likazima jiko. Nikaandika: "Mmenyuko mkali ulionekana." Mke wangu akaingia, akaniuliza hiyo si sufuria ya maziwa? Akanieleza kwa kifupi kwamba ndimu na magadi hutoa povu hata bila unga wa mtu yeyote. Nikamwambia abaki na hisabati zake.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Lakini historia itadai.

Jopo litauliza nina washiriki wangapi. Ninaye mmoja, naye ni mkwe. Nikaamua kuongeza idadi kwa kujitumia mwenyewe. Wanasayansi wakubwa walijidunga, walijikata. Mimi nikajitilia kijiko cha unga kwenye chai, kimejaa, kabla ya kipindi cha asubuhi. Mada ilikuwa "Jamii Iliyo Macho".

Nakumbuka nilisema "jamii iliyo macho ni ile ambayo". Ile ambayo nini, sijui mpaka sasa.

Nilipozinduka, shavu langu lilikuwa juu ya meza ya mbele na ubao umejaa alama za kemia. Wanafunzi wangu walishaondoka, tena kwa kunyata, nasikia mmoja alivua viatu. Kipindi kilichofuata cha ukumbi ule kilikuwa cha Mkemia. Hakuniamsha! Alifundisha pembeni yangu kwa sauti ya chini. Na kijana mmoja alipouliza dutu isiyomenyuka ikoje, darasa zima likanitazama mimi.

Mkemia anaapa hakunyoosha kidole. Sikuuliza kama alinyoosha. Mtu asiyenyoosha hana haja ya kuapa.

Kisha, tulipobaki wawili, akaokota kopo langu chini ya meza. Akalinusa. Akauliza kama ninaumwa, kama nimekula kitu, kama anisindikize zahanati. Nikalipokonya kopo, nikamwambia ni tangawizi.

Matokeo: "Mshiriki wa pili (mwanamume, msomi) alipata utulivu wa hali ya juu."

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia! Naitumia mashine ya Mkemia bila Mkemia kujua.

Nimetia unga kwenye kichupa safi, nikakifungia karatasi, nikaiga mwandiko wake ule wa sisimizi: "Pima leo. Haraka sana." Nikakiacha maabara, mezani kwa fundi, wakati yeye ametoka kunawa. Fundi ataona ni amri ya bosi wake. Atapima. Majibu yakitoka nitapita kama mtu aliyepotea njia na kuyachukua. Mkemia atafanya kazi yangu bila kujua anafanya kazi yangu! Nimecheka peke yangu kwenye ngazi hadi mlinzi akanisalimia mara mbili.

Nyumbani amani tele. Mama mkwe amelala tangu mchana. Nilipopita alifumbua macho, akaniuliza kama mimi ni marehemu kaka yake. Nikamwambia hapana, mama, ni mkweo. Akasema basi, akalala tena. Mke wangu amenuna, anataka dawa isimame. Nikamsihi avumilie hadi Ijumaa. Alinitazama kwa muda mrefu. Sikupenda alivyonitazama.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe ameanguka.

Asubuhi, mlango wa bafuni. Alisimama, akaita jina la mtu tusiyemjua, akaenda chini. Mke wangu alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Tulimbeba mimi na jirani. Mwepesi sana, kumbe. Maneno yote yale yalikuwa yanakaa wapi?

Hospitali wakauliza anatumia nini. Mke wangu akataja vidonge vya presha, kisha akanigeukia mimi. Daktari, akasema. Huniita hivyo akikasirika tu. Waeleze, mtafiti, umegundua nini. Nikasema data bado mbichi. Muuguzi akaacha kuandika.

Wakati huohuo simu ikaita. Mkemia! Nikadhani amegundua mwandiko, nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Akampigia mke wangu, namba aliipata kwa mkuu wa shule anakofundisha mke wangu. Mke wangu akasikiliza, akampa simu daktari wa zamu, naye akasikiliza, akaanza kutembea haraka.

Unga umepimwa. Ni unga wa muhogo, magome machungu kidogo, na vidonge vya mzio vya aina ya zamani, vile vya kulaza, vimesagwa humo kwa wingi. Havina babu wala urithi. Kwa mzee mwenye dawa nyingine mwilini, akasema daktari, vinakausha mdomo, vinavuruga akili, vinaangusha.

Jioni Mkemia na Bibi Dozi wakaja wodini. Mama mkwe alikuwa macho, mkono umefungwa bendeji, nyonga imenusurika. Tukatoka nje na Mkemia. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi.

"Unataka kuuliza nilijuaje ni wewe?" akasema kabla sijauliza. "Mimi sijawahi kuandika neno haraka. Ila harufu niliikumbuka, nikajua ni ile tangawizi yako. Nikaona kama umelala vile kwa kijiko, aliye nyumbani kwako amelala vipi?"

Nikamuuliza nani alimwambia kuna mtu nyumbani.

"Bibi Dozi alinisimulia ule mfano wako wa mgonjwa," akasema. "Mifano ya namna hiyo huanzia nyumbani."

Tuliporudi ndani, mama mkwe alikuwa amemshika Bibi Dozi mkono, na Mkemia akaitwa "mwanangu". Mimi aliniita "huyu". Huyu asogee, anazuia upepo.

Nimeumia. Nalazimika kukiri nimeumia. Mashine ni ya chuo, si yake! Na wazo la kupima, kiini chake, lilikuwa langu.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi Dozi amenifuata ofisini. Amekuja na pendekezo ambalo mtu mwingine angelidhania ni la upole. Wao wawili watawasilisha kesho utafiti kuhusu dawa za mitaani zilizochanganywa kwa siri na vidonge. Kemia kwa Mkemia, famakolojia kwake. Wanahitaji mtu wa jamii aeleze kwa nini watu wanazinunua, na wanataka awe mimi. Jina langu litakuwemo. Ninachotakiwa kufanya ni kitu kimoja tu: nisome mahojiano ya mama mkwe yote, pamoja na kizunguzungu na mdomo mkavu, maana dalili hizo ndizo zingemwokoa mapema. Mama mwenyewe ameshawaruhusu.

Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Jina langu la tatu! Baada ya nani? Baada ya watu ambao wiki iliyopita hawakujua unga huu upo! Aliyeuona kwanza ni nani? Aliyejilaza mbele ya wanafunzi kwa ajili ya sayansi ni nani? Kuku ni wangu na mchuzi wanywe wao?

Isitoshe, sehemu zile nilishafuta.

Nitazungumza kabla yao. Nimemwambia karani wa jopo kwamba ratiba imebadilika. Hakuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Suti ya kijivu. Tai ya harusi. Ukumbi umefurika.

Nilianza vizuri mno. Nikaonyesha mchoro wa ugomvi ukishuka kama maji kwenye mteremko. Nikasema kwamba ndiyo, maabara imekuta vidonge humo, lakini swali la msomi si mna nini, swali ni jamii imepata nini. Imepata utulivu! Tusizame kwenye kijiko tukasahau nyumba. Niliipenda sentensi hiyo. Nikanyamaza ili ishuke vizuri.

Kimya kile kile ndicho kilichompa mtu nafasi. Nyuma ya ukumbi akasimama mama mkwe, fimbo mkono mmoja, mke wangu mkono wa pili. Bibi Dozi alikuwa amewaalika, tena amemwombea mgonjwa ruhusa ya saa mbili wodini. Mimi sikuambiwa! Mambo gani haya ya kumchunguza mtu bila kumwambia?

Akaomba ruhusa kwa Mkuu wa Kitivo, akapewa.

"Mimi ndiye huo mteremko," akasema. "Nilimwambia huyu mdomo unakauka. Nilimwambia nyumba inazunguka, naogopa. Akasema naandika kila kitu, mama. Nataka kuuliza mbele yenu nyote, imeandikwa wapi?"

Mkuu wa Kitivo akanigeukia. Akauliza iko ukurasa gani. Nikaeleza kwamba mtafiti huhariri. Akauliza nilihariri nini. Nikasema kelele. Akauliza kelele gani. Nikaona Mkemia ameinamisha kichwa, na naapa alikuwa ananionea huruma. Hilo ndilo lililonimaliza. Kucheka ningestahimili.

"Hakugombana na mtu kwa sababu alikuwa hajitambui," Mkuu wa Kitivo akasema polepole. "Hiyo kwako ndiyo amani?"

Nikasema inategemea tafsiri. Hapo ukumbi ukacheka, wa mbele wakicheka kwa adabu na wa nyuma kwa mbavu. Mke wangu hakucheka. Alimpangusa mama yake uso, wakatoka.

Wao wawili wakazungumza baada yangu. Bibi Dozi ndiye mkurugenzi, Mkemia msaidizi wake. Watu wa afya wameagizwa kwenda kwa Tabibu wa Kona. Nilipita jioni nikitarajia angalau kumpata mtu wa kulalamika naye. Kibanda kitupu. Fundi baiskeli akasema amehama, kaacha habari kwamba sasa anatibu macho.

Nami sikutoka mikono mitupu. Kuanzia Jumatatu nitahudhuria mafunzo ya lazima ya maadili ya utafiti. Mkuu wa Kitivo alisema ananipa nafasi ya kwanza kabisa. Ya kwanza! Mkemia na Bibi Dozi hawakupewa.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amerudi kutoka hospitali. Hatumii tena unga. Amesema pazia bado chafu, uji una madonge, na nguo zangu zimekaa kama za mtu aliyeazima mwili. Mke wangu alisikia akalia kwa furaha. Mimi mwenyewe bado hanisemeshi, ila ameweka chakula changu mezani na kukifunika na sahani. Nikamwamkia. Marahaba yake ilikuwa fupi, kavu, ya kawaida kabisa.

Nililala bila kuhojiwa na mtu. Ningekuwa na data za kulinganisha kabla na baada, ingependeza.

Jumatatu, 17 Machi

Mafunzo ya maadili yameanza. Chumba kidogo, feni moja, viti vya plastiki. Washiriki ni wasomi walioharibu mambo kama mimi, au zaidi yangu, maana mimi sikuharibu. Mmoja alibuni kijiji kizima na mwenyekiti wake. Mwingine panya wake wote walikufa, naye akaandika wamehama. Wote wamekaa kwa aibu, macho chini, sauti za wagonjwa.

Na ghafla nikaona. Aibu! Hakuna aliyewahi kuitafiti aibu ya wasomi kwa fani tatu. Sayansi ya jamii: nani anamkwepa nani wakati wa chai. Famakolojia: vidonge vya kichwa wanavyomeza mapumziko, nimeona pakiti kwenye mikoba mitatu. Kemia: jasho. Kuna kitu kwenye jasho la aibu, nina hakika, na vikombe vyao vya plastiki walivyovishika tayari nimevikusanya ndani ya mfuko wangu. Kichwa kimeshakuja na nukta mbili zake. Hiki si cha kituo cha Bibi Dozi, hiki ni cha kuanzisha kituo kingine.

Simu nimeiweka mezani, kifudifudi, inarekodi.

Mwalimu wa mafunzo, mama mpole mwenye miwani ya mnyororo, alitufundisha asubuhi nzima kuhusu ridhaa: kwamba hakuna kumchunguza mtu bila yeye kujua na kukubali. Mwishoni akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono, nikauliza: mtu asiyejua kwamba anachunguzwa, anaweza kukataa?

Akafurahi sana. Akasema hapana, hawezi, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Nikaandika: "Mshiriki wa kwanza hakukataa."